ZAMANI MIZANI, LEO SIMU

Wazee wa mikoa ya pamba wanakumbuka. Zamani mkulima alivuna pamba yake, akaifunga, akaibeba kichwani au kwa baiskeli mpaka mahali pa kuuzia. Karani alipima. Karani alisoma mizani. Karani aliandika. Mkulima asiyejua kusoma alisimama pembeni akingoja kuambiwa. Akiambiwa kilo 40, basi ni 40. Hata kama mizani ilisema 47, yeye angejuaje? Alitia dole gumba kwenye karatasi, akapokea alichopewa, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa sababu moja ya watu wengi kwenda kwenye kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakulima wa pamba walijifunza kusoma na kuandika neno "pamba". Walijifunza pia hesabu, na kusoma mizani. Mtu aliyejua kusoma mizani hakupunjwa kwa urahisi.

Leo mambo yamebadilika. Wakulima wengi hulipwa kwa benki au kwa simu. Mtoto aliye mjini hutuma fedha za matumizi kwa simu. Ada, michango ya harusi na rambirambi za msiba, vyote hupita kwenye simu. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi Machi mwaka 2007. Hapa Tanzania ilianza mwaka 2008. Sasa simu ndogo ya mkononi imekuwa ghala. Na penye ghala, panya hawakosi.

Panya huyo ndiye tapeli wa simu. Havunji mlango. Hashiki panga. Anakupigia simu, anakuamkia kwa heshima, kisha anakuomba ufunguo. Nawe, bila kujua, unampa.

MZEE NA MABATI YAKE

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga, lakini mambo yaliyomo huwapata watu wa kweli.

Mzee mmoja aliuza pamba yake. Alilipwa shilingi 412,000 kwa simu. Fedha hizo zilikuwa na kazi yake. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi na ilivuja. Yeye na mkewe walikubaliana kununua mabati kabla ya mvua za vuli.

Siku ya tatu, saa nane mchana, simu yake iliita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani mzee, naongea na nani vile?" Kisha, kabla mzee hajajibu, yule mtu akataja majina yote matatu ya mzee. Hakukosea hata moja.

"Ndiye mimi," akasema mzee.

"Hongera mzee wangu! Napiga kutoka makao makuu ya kampuni yako ya simu. Namba yako imeshinda shilingi milioni moja na nusu. Uko na nani hapo?"

"Niko na mke wangu."

"Sogea pembeni kidogo, mzee. Jambo hili ni siri mpaka fedha ziingie. Watu wana kijicho."

Mzee akaondoka barazani, akaenda chini ya mwembe.

"Mzee, kwenye simu yako kuna salio kiasi gani? Nataka kuhakikisha akaunti yako iko hai."

"Laki nne na elfu kumi na mbili."

"Vizuri sana. Kuandika unajua?"

"Najua."

"Chukua karatasi na kalamu. Nitakutajia hatua. Halafu nitakata simu, nawe uzifuate moja baada ya moja. Fanya haraka, mzee. Zimebaki dakika tano. Zikipita, zawadi anapewa mtu mwingine."

Mzee akaandika. Kwanza, fungua huduma ya fedha. Pili, chagua namba moja. Tatu, andika "namba ya usajili". Yule mtu akamtajia tarakimu kumi. Nne, andika "namba ya fomu", nayo ni 397650. Tano, andika "namba ya kufungulia zawadi", yaani zile tarakimu nne unazozijua mwenyewe. Sita, kubali.

Mzee alifuata karatasi yake kama alivyoambiwa. Simu ikalia. Ujumbe ukaingia. Haukusema kwamba amepokea milioni moja na nusu. Ulisema kwamba ametuma shilingi 397,650. Fedha zilizobaki hazikutosha kununua hata bati moja.

Alipiga ile namba. Haikupatikana.

Mzee aliona aibu. Hakumwambia mtu. Siku ya tano mkewe alimwuliza, "Baba, tunakwenda lini kuchukua mabati?" Ndipo mzee akakaa chini, akasema. Lakini kwa siku tano tapeli alikuwa na nafasi ya kutosha. Alikuwa amekwisha kuzitoa fedha zile, na laini ameitupa.

MIZANI ILIKUWA MBELE YAKE

Ndugu msomaji, soma tena zile hatua sita. Hakuna zawadi ndani yake. Hizo ni hatua za kumtumia mtu fedha. Namba moja kwenye orodha ile ilikuwa "tuma fedha". "Namba ya usajili" ilikuwa namba ya simu ya tapeli. "Namba ya fomu" ilikuwa kiasi cha fedha. "Namba ya kufungulia zawadi" ilikuwa namba ya siri ya mzee. Tapeli alibadilisha majina ya vitu tu. Kazi yote ya kuiba aliifanya mwenye mali kwa mkono wake mwenyewe.

Na jambo kubwa ni hili. Simu ilimwambia mzee ukweli. Kabla ya hatua ya mwisho, kioo cha simu kiliandika kwamba unatuma shilingi 397,650 kwa fulani, je, unakubali? Mzee huyu alikuwa anajua kusoma. Angeweza kusoma maneno yale. Lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi, na moyo wake ulikuwa kwenye ile milioni moja na nusu. Mizani ilikuwa mbele yake, hakuisoma.

Kwa hiyo kujua kusoma peke yake hakutoshi. Ni lazima kusoma wakati ule ule unapotakiwa kukubali. Kabla hujabonyeza, soma kioo cha simu. Soma neno kwa neno. Kama kimeandika "tuma", fedha zinatoka. Kama huelewi neno moja, usibonyeze.

TAPELI ALIJUAJE JINA LAKE?

Watu wengi huamini kwa sababu hii. Husema, "Alinitaja jina langu lote. Lazima ni mtu wa kampuni." Sivyo.

Laini yako imesajiliwa kwa jina lako. Mtu yeyote akianza kutuma fedha kwenye namba yako, simu yake humwonyesha jina lako kabla hajakubali. Tapeli huanza kutuma, anasoma jina lako, halafu anaghairi. Hatoi hata senti moja. Kwa njia hiyo amekwisha kukujua.

Tena majina na namba zetu hupatikana mahali pengi. Yamo katika orodha za michango. Yamo katika daftari la wakala. Yamo katika vikundi vya simu ambavyo watu mamia wanasomana. Kwa hiyo mtu kukujua jina si ushahidi kwamba ni mtu mwema. Hata mwizi wa mbuzi hulijua zizi kabla ya kuiba.

SILAHA NNE ZA TAPELI

Tapeli hana bunduki, lakini ana silaha nne.

Ya kwanza ni furaha au hofu. Anakwambia umeshinda, moyo unaruka. Au anakwambia mwanao ameanguka shuleni, moyo unakatika. Mtu mwenye furaha kubwa au hofu kubwa hafikiri vizuri.

Ya pili ni haraka. "Dakika tano tu." "Daktari anangoja." "Laini yako inafungwa leo." Hataki upate nafasi ya kuuliza. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

Ya tatu ni siri. "Usimwambie mtu." "Sogea pembeni." Anajua kwamba ukimwambia mkeo, mumeo, mwanao au jirani, mmoja atasema, "Hebu ngoja kwanza."

Ya nne ni heshima. Atakuita mzee wangu, mama yangu. Atakuamkia vizuri kuliko wajukuu wako. Nasi tumefundishwa kwamba si adabu kumkatisha mtu maneno. Tapeli anaitumia adabu yetu kama kamba ya kutufungia. Ndugu msomaji, kumkatia simu mtu usiyemjua anayeulizia fedha zako si utovu wa adabu. Kata simu.

SURA NYINGINE ZA TAPELI

Tapeli habaki na sura moja. Hizi ni baadhi ya sura zake.

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Huu ni ujumbe mfupi. Unaweza kuupata hata kama huna deni na mtu. Kwa nini? Mvuvi hatupi wavu kwa ajili ya samaki mmoja. Tapeli hupeleka ujumbe ule ule kwa watu wengi sana. Miongoni mwao hatakosekana mtu ambaye siku hiyo anataka kumlipa fundi, mwenye nyumba au ndugu yake. Mtu huyo hudhani ujumbe umetoka kwa anayemdai, akatuma. Dawa yake ni moja. Mpigie unayemdhania kwa namba yake ya zamani unayoijua, usikie sauti yake.

"Nimekosea, nirudishie." Unapata ujumbe kwamba umepokea, tuseme, shilingi 80,000. Mara simu inaita. Mtu analia. "Mama yangu, nimetuma kwako kwa makosa. Ni fedha za hospitali. Nirudishie." Wewe una huruma, unarudisha. Kumbe ule ujumbe wa kwanza uliandikwa na tapeli mwenyewe. Hukupokea kitu. Umemtumia fedha zako. Usiamini ujumbe. Angalia salio lako kwanza. Na hata kama fedha zimeingia kweli, usirudishe mwenyewe. Mwambie aliyekosea apige simu kwa kampuni yake ya simu. Kampuni ina njia yake ya kurudisha fedha zilizokosewa.

"Mwanao ni mgonjwa." Mtu anajifanya mwalimu wa shule ya bweni au daktari. Anasema mtoto amepata ajali na inatakiwa fedha ya matibabu sasa hivi. Hii ni silaha kali, kwa sababu hakuna mzazi asiyetetemeka. Kata simu. Piga simu ya shule uliyopewa siku ulipompeleka mtoto. Kila mzazi mwenye mtoto bweni aiandike namba ya shule kwenye daftari, iwe nyumbani.

"Kazi ipo" au "mkopo upo". Unaambiwa umepata kazi mjini, au mkopo wa haraka bila dhamana. Lakini kwanza utume ada ya fomu. Ukituma, unaambiwa bado ada ya bima. Halafu ada nyingine. Kazi haiji, mkopo hauji. Mtu anayetaka kukukopesha hawezi kuanza kwa kukukopa wewe.

"Jiunge upate utajiri." Wengine huahidi fedha za kimiujiza. Hujiita waganga, au watu wa vyama vya siri vya matajiri. Jiulize swali moja. Kama anaweza kutengeneza mamilioni usiku mmoja, elfu ishirini yako anaitakia nini?

MAMBO AMBAYO HAYATAJWI KWA MTU

Mara nyingine tapeli haombi fedha. Anaomba habari zako tu. Mtu husema, "Nimemtajia namba ya kitambulisho tu, hakuna hasara." Hasara ipo. Habari zako ni vipande vya ufunguo. Akivipata vyote, anatengeneza ufunguo mzima.

Namba ya siri ndiyo ufunguo wenyewe. Ni tarakimu nne. Hiyo haitajwi kwa mtu yeyote, awe wakala, mfanyakazi wa kampuni, polisi au kiongozi wa kijiji. Mfanyakazi wa kweli haiulizi, kwa sababu haihitaji. Tena usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala 1234. Hizo ndizo mwizi hujaribu kwanza.

Zipo pia tarakimu zinazokuja kwa ujumbe mfupi, mara nyingi sita, wakati wa kufungua akaunti. Mtu akikwambia, "Zimekuja kwako kwa makosa, nisomee," usimsomee. Ukimsomea, anaingia kwenye akaunti yako na kukutoa wewe. Halafu anawaomba fedha ndugu zako kwa jina lako, nao wanatuma wakidhani ni wewe.

Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Hiyo, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na picha ya kitambulisho, huweza kumsaidia mwizi kujifanya wewe. Mwizi anaweza kujaribu kudai kwamba laini yako imepotea, apewe mpya. Akifanikiwa, simu yako hukosa mtandao ghafla. Ukiona hivyo bila sababu, usikae. Nenda mara moja kwenye duka la kampuni yako ya simu ukaulize.

Alama za vidole nazo ni mali. Tangu mwaka 2019, laini hapa Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole. Ukienda kusajili laini, ukaambiwa, "Bonyeza tena, haijasoma," na tena, na tena, uliza kwa nini. Wapo wasio waaminifu ambao hutumia kidole chako kusajili laini ya pili kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kuiba, jina litakaloonekana ni lako.

Unaweza kujichunguza. Piga *106# kisha ufuate maelezo. Utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda kwenye kampuni ya simu inayohusika, ukaseme kwamba si yako, ifungwe.

BARUA PEPE NAZO

Vijana wetu wanaotafuta kazi, walimu, na makatibu wa vyama vya ushirika hutumia barua pepe. Huko nako tapeli yupo. Utapeli wa barua si jambo jipya. Katika miaka ya 1980, kabla barua pepe haijaenea, matapeli wa Nigeria walikuwa wakipeleka barua za posta na za teleksi katika nchi za Ulaya na Marekani. Walijifanya wakubwa wenye mamilioni yaliyofichwa, wakaomba wasaidiwe kuyatoa. Mbinu ni ya zamani. Chombo tu ndicho kipya.

Barua pepe ya tapeli hujifanya imetoka benki au serikalini. Inasema akaunti yako itafungwa, bonyeza hapa uandike jina na neno lako la siri. Ukibonyeza, unaona ukurasa unaofanana kabisa na wa benki. Kumbe ni nyumba ya karatasi. Chochote unachoandika kinakwenda kwa mwizi.

Tazama anwani ya aliyeandika, herufi kwa herufi. Mara nyingi herufi moja imebadilishwa. Mahali pa herufi "o" wameweka sifuri. Mahali pa herufi "l" wameweka tarakimu 1. Nyinyi mliojifunza herufi moja moja hivi karibuni, macho yenu bado ni makali. Yatumieni. Na kama barua inatisha, usibonyeze kitu ndani yake. Nenda benki mwenyewe, au piga namba ya benki unayoijua.

USIBONYEZEWE SIMU

Liko jambo moja linalotuhusu sisi wa vijijini hasa. Wazee wengi humpa mtu mwingine simu awasaidie kutoa fedha. Humpa kijana wa jirani, au wakala, na kumtajia namba ya siri kwa sauti mbele ya watu dukani. Huko ni kuacha ghala wazi.

Wengi wa wasaidizi hao ni waaminifu. Lakini namba ya siri ikijulikana na watu wanne, si siri tena. Siku fedha zikipotea, utamshuku nani? Utamshuku mjukuu wako bure, na udugu utavunjika.

Basi jifunze kufanya mwenyewe. Mwanzo ni mgumu, lakini hatua ni chache. Mwambie mwanao akufundishe kwa kutuma shilingi elfu moja tu. Afundishe kwa mdomo, wewe ubonyeze. Ukifika kwenye namba ya siri, yeye ageuke pembeni. Rudieni mpaka uzoee. Mtu aliyeweza kujifunza kuandika jina lake akiwa na umri wa miaka hamsini hashindwi na tarakimu nne.

UKIIBIWA, FANYA HIVI

Mara moja piga namba 100. Hiyo ndiyo namba ya huduma kwa wateja ya kampuni za simu Tanzania. Waeleze ulituma kiasi gani, kwa namba gani, saa ngapi. Kama tapeli hajazitoa fedha, zinaweza kuzuiwa. Ndiyo maana kila dakika ina thamani. Kumbuka pia kwamba mfanyakazi wa kweli wa kampuni ya simu hukupigia kwa namba hiyo ya 100. Akipiga kwa namba ya kawaida akisema ni wa kampuni, kata simu.

Badilisha namba yako ya siri siku hiyo hiyo.

Usifute ujumbe. Huo ni ushahidi. Nenda nao kituo cha polisi ukaandikishe.

Peleka ujumbe wa tapeli pamoja na namba yake kwenda 15040. Hiyo ni namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa ajili ya kuripoti matapeli. Fanya hivyo hata kama hukuibiwa. Wewe umenusurika, lakini jirani yako anaweza kupigiwa kesho.

Sheria ipo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kuiba kwa njia hizi, na kujifanya mtu mwingine, ni makosa ya jinai. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hiyo inawataka wanaokusanya habari zetu wazitunze, wala wasizitumie ovyo.

USIONE AIBU

Mwisho tumrudie yule mzee. Fedha zake zilipotea kwa dakika chache. Lakini aibu yake ndiyo iliyompa tapeli siku tano. Kama angesema saa ile ile, mkewe angemwita mtoto wa jirani, wangepiga namba 100, na labda wangewahi.

Wanaotapeliwa si wajinga. Walimu wametapeliwa. Wafanyabiashara wametapeliwa. Tapeli hufanya kazi hiyo kutwa, wewe unakutana naye mara moja. Aibu ni ya mwizi, si ya aliyeibiwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Kwa hiyo tusichekane. Mtu akisema ametapeliwa, tusimwulize, "Ulikuwa na akili gani?" Tumwulize, "Alikwambiaje?" Kisha tuwaambie wengine. Katika mkutano wa kijiji, katika chama cha ushirika, katika kikundi cha kuweka na kukopa, msikitini na kanisani, tuambiane. Zungumzeni hasa wakati wa malipo ya mazao, kwa sababu panya hujua siku ghala linapojaa.

Wazazi wetu walijifunza kusoma mizani, wakakataa kupunjwa. Sisi nasi tusome kioo cha simu kabla ya kukubali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tapeli aliiitaje namba ya siri ya mzee? Kwa nini hakuitaja kwa jina lake?

2. Kwa nini tapeli alimwambia mzee asogee pembeni?

3. Ukipata ujumbe kwamba umepokea fedha, ni jambo gani la kwanza la kufanya?

4. Katika kijiji chenu, nani huwabonyezea wazee simu? Mnaweza kuwasaidiaje wajifunze wenyewe?

5. Kila mmoja aandike kwenye daftari lake namba hizi: 100, 15040 na *106#. Kisha aeleze kila moja ni ya kazi gani.